Fundi wa Majeneza na Ombi la Riziki

Mgeni anayefika Keko kwa mara ya kwanza huijua kwa pua na masikio kabla hajaijua kwa macho. Ni harufu ya mbao na vanishi, na ni mlio wa mashine za kuranda unaoanza asubuhi na kuendelea mpaka jua linapozama. Ukitoka Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Barabara ya Pugu, ukakata kuelekea Chang'ombe, utaona vitanda, makabati, meza na makochi yamepangwa kando ya njia. Dar es Salaam nzima inajua kwamba anayetaka kuoa au kuhamia nyumba mpya hupita Keko kwanza.

Katikati ya vitanda hivyo vya maharusi ipo karakana moja ambayo haiweki bidhaa zake barabarani. Mlangoni limetundikwa turubai la bluu, na nyuma ya turubai hilo familia moja imetengeneza majeneza kwa vizazi vitatu. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu hata wao hawakuweka kibao mlangoni. "Anayetuhitaji hapotei," mzee wa karakana hiyo aliniambia. Washarika wa Keko mtamjua. Ninyi mnaosoma mkiwa mbali, mfikirieni fundi wa majeneza wa mtaani kwenu, maana kila mtaa unaye.

Nasimulia habari za familia hii kwa sababu mzee huyo aliniuliza swali ambalo masomo yangu ya chuo cha theolojia hayakuniandaa kulijibu. Nilipolijibu mara ya kwanza nililijibu vibaya, na ilinibidi nipate aibu ndipo nikalielewa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza katika usharika. Nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kuwaamkia washarika, nikafika kwake saa za alasiri. Alinisogezea stuli, akaifuta maranda kwa kiganja, tukaongea habari za hali ya hewa na bei ya mbao. Kisha akaweka chini kipande cha msasa.

"Mchungaji, nina jambo limenikaa miaka mingi. Sala ya Bwana ninaisali kila siku. Lakini nikifika kwenye ombi la riziki, nanyamaza. Wenzangu wanaendelea, mimi nawasubiri kwenye ombi la msamaha, hapo ndipo ninapoungana nao tena. Wewe umesoma, nieleze. Wateja wangu mimi ni wafiwa. Nikimwomba Mungu anipe riziki ya leo, si ninamwomba amchukue mtu leo?"

Nilimjibu upesi, kama kijana aliyetoka kufanya mtihani. Nikamweleza mafundisho ya Martin Luther kuhusu wito: kwamba kazi ya mshona viatu na ya mkulima ni utumishi mbele za Mungu sawa na kazi ya padri; kwamba daktari haombi ugonjwa ingawa anakula kwa sababu ya ugonjwa; kwamba kifo kipo tangu Adamu na yeye hakukileta. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Asante, Mchungaji," akachukua msasa wake. Nami nikaondoka nikidhani nimemjibu.

Ili mwelewe kwa nini jibu langu halikumfikia, lazima mjue karakana ile ilianzaje.

Baba yake alitoka Njombe. Alijifunza useremala akiwa kijana, kwa mafundi waliofundishwa na misheni ya Kilutheri huko kwao. Kama vijana wengi wa Kibena wa wakati ule, alikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na mkataba ulipokwisha hakurudi nyumbani. Miaka michache kabla ya Uhuru wa 1961 alishuka Dar es Salaam akiwa na randa moja, msumeno mmoja na nyundo. Akaanza kutengeneza milango na vitanda vya kamba.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mji wa wageni. Mtu aliyetoka bara akaja kutafuta kazi bandarini au reli alikuwa na hofu moja kubwa kuliko njaa: kwamba atakufa hapa na hakuna atakayemzika. Ndiyo maana tangu miaka ya 1920 na 1930 watu wa kila kabila walianzisha vyama vyao mjini, na kazi ya kwanza ya vyama hivyo ilikuwa kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Ndiyo maana pia utani ulikuwa na nguvu sana katika mji huu. Mnyamwezi aliyefiwa katikati ya Wazaramo hakuwa peke yake. Watani wake walikuja kuchimba kaburi, kumwandaa marehemu, na kuwachekesha wafiwa hata pale ambapo hakuna aliyetaka kucheka. Vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, ambavyo leo vina mwenyekiti na mweka hazina, ni wajukuu wa vyama vile.

Lakini wapo waliokuwa nje ya kila chama. Mmoja wao alikuwa rafiki wa fundi, manamba mwenzake, aliyefuatana naye kutoka mashamba ya mkonge. Alipougua na kufa, hakuwa na ndugu mjini. Ilibaki azikwe na manispaa, na mpaka leo neno hilo, "kuzikwa na manispaa," Dar es Salaam linatamkwa kwa sauti ya chini. Fundi alikuwa na mbao za mlango wa mteja. Aliziangalia usiku kucha, asubuhi akazikata. Mteja alisubiri mlango wake wiki tatu zaidi. Hilo ndilo jeneza la kwanza la familia ile, nalo halikulipiwa.

Baada ya hapo watu wakajua. Aliyefiwa Keko Machungwa, Keko Magurumbasi, Keko Toroli au Keko Mwanga alielekezwa kwa "yule Mbena." Walikuja na uzi. Wengi wenu mmeona jambo hili: marehemu hupimwa kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, uzi ukafungwa fundo, na mtu mmoja wa familia akaupeleka kwa fundi mkononi. Yule mzee wa kwanza alikuwa na desturi yake. Jeneza likikamilika hakuutupa uzi, aliuweka ndani yake upande wa kichwa. Alisema kipimo cha mtu ni mali yake. Mpaka leo wajukuu wanafanya hivyo, ingawa sasa wafiwa wengi huleta urefu kwa ujumbe wa simu.

Keko ni mtaa wa Waislamu wengi, na fundi huyu Mlutheri aliwahudumia nao. Ndugu zetu Waislamu hawazikwi na jeneza. Maiti huvalishwa sanda, akabebwa kwa jeneza la msikiti, na jeneza hilo likarudi msikitini kumsubiri mwingine. Kaburini hulazwa katika mwanandani, nazo mbao hupangwa juu yake kabla ya udongo. Mbao hizo zilikatwa na fundi wetu. Jeneza la msikiti likilegea viungo, lililetwa kwake, akalikaza bila malipo. Jirani yake Mwislamu alimtania, "Ninyi Wakristo mnazika mbao nzima, sisi tunazika vipande. Wewe unakula kwetu kidogo, kwenu unakula sana." Nao wakacheka pamoja kwa miaka thelathini.

Utani ule una fundisho. Sisi tumezoea kufikiri kwamba jeneza ni jambo la Kikristo, lakini Bwana wetu mwenyewe hakuzikwa ndani ya jeneza. Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo walimfunga sanda ya kitani pamoja na manukato. Wazee wetu wa pwani na wa bara, kabla misheni haijafika Dar es Salaam mwaka 1887, walizika kwa nguo, kwa mkeka au kwa ngozi, na hawakuwa wamepungukiwa kitu mbele za Mungu. Mahali Biblia inaposimulia mtu kuwekwa katika sanduku la maiti ni mwisho kabisa wa kitabu cha Mwanzo, naye ni Yusufu mwana wa Yakobo, aliyefia Misri. Angalieni alikuwa nani. Alikuwa mtu aliyekuja mjini bila hiari yake, akapata kazi, akawalisha wengi, na kabla ya kufa akawaapisha ndugu zake kwamba siku moja watairudisha mifupa yake nyumbani. Sanduku lile lilikuwa la msafiri. Musa alilibeba wakati wa kutoka Misri, na mwisho wa kitabu cha Yoshua mifupa ikazikwa Shekemu.

Kila mara ninapoona basi dogo limesimama Keko usiku, jeneza likipakiwa kwenda Moshi, Bukoba au Tukuyu, na vijana wakichanga mafuta ya gari, namkumbuka Yusufu. Nusu ya majeneza ya karakana ile hayazikwi Dar es Salaam. Yanasafiri. Lakini mzee yule wa kwanza, alipokaribia kufa, aliwakataza watoto wake kumrudisha Njombe. "Nimewazika wengi hapa wasio na mtu," alisema. "Nikiondoka, watabaki na nani?" Amelala katika makaburi ya Chang'ombe.

Aliacha kazi mikononi mwa wanawe wawili. Na hapa naingia katika miaka ambayo mzee wa swali langu hapendi kuisimulia.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 hakuna mkoa wa Bara uliokuwa haujaguswa. Wenye umri wangu tunakumbuka majina yaliyotumika ili kutolitaja jina lenyewe: miwaya, umeme, ngoma. Tunakumbuka matangazo ya vifo redioni yalivyorefuka. Dawa za kupunguza makali zilikuwa bado. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili, tangu ule wa kwanza hadi huo wa dawa, kuna vijana wa mji huu waliozika rika lao lote.

Katika miaka hiyo karakana iliacha kutengeneza vitanda. Hapakuwa na nafasi. Mbao za paina kutoka Mafinga zilishushwa kwa lori, na kabla ya wiki kwisha zilikuwa zimekwisha. Ndugu hao wawili waliajiri vijana, wakanunua mashine, wakajenga nyumba ya matofali ya saruji. Mtaani maneno yakaanza. Watu walisema nyumba ile imejengwa kwa maiti. Mke wa mzee aliniambia kwamba kwa miaka kadhaa hakualikwa kumtazama mzazi wala mtoto mchanga, kwa kuogopa mkosi. Watoto wao shuleni waliitwa "sanduku." Waliokuwa wakiwasema mchana ndio waliokuja kugonga usiku.

Siku moja, miezi mingi baada ya mazungumzo yetu ya kwanza, mzee aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe. Amenipa ruhusa kuliandika.

Ilikuwa mwisho wa mwezi mmoja wa miaka ya 1990. Walikuwa wamefanya kazi usiku na mchana. Alikaa peke yake na taa ya chemli, akahesabu fedha, akaona ni nyingi kuliko mwezi wowote tangu baba yake aanze. "Nilifurahi, Mchungaji. Sikudanganyi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti." Asubuhi kaka yake hakuja kazini. Alikuwa ameanza kukohoa tangu mwezi uliotangulia, na wote walikuwa wakijifanya hawaoni. Hakumaliza mwaka. Mzee alimtengenezea jeneza mwenyewe, akakataa msaada wa vijana wake.

"Tangu siku hiyo," alisema, "ombi lile siwezi kulitamka. Nililitamka nikapewa, nikashukuru, na kumbe ni kaka."

Sasa mnaelewa kwa nini somo langu la wito halikufika popote. Yeye hakuuliza kama useremala ni kazi halali. Aliuliza kama furaha yake ndiyo iliyomuua ndugu yake. Nami nilikuwa nimempa hotuba.

Hata aliponieleza hayo, sikuwa na jibu. Nilishika mkono wake tu. Na huenda ningebaki hivyo hadi leo, kama nisingefanya kosa ninaloliungama hapa.

Palikuwa na mtu mmoja mtaani, msukuma toroli, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa letu, jina lake lilikuwamo katika daftari la usharika. Lakini kwa miaka mingi hakuonekana ibadani. Bahasha zake zilikuwa tupu. Aliishi na mama watoto wake bila ndoa kubarikiwa, na wachungaji walionitangulia walikuwa wamemwonya. Alifariki ghafla, Jumatano. Yule mama alituma mtu kuomba kanisa limzike.

Nilifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye mstari wake, nikaona nafasi tupu. Wazee wa kanisa waliniuliza nionavyo, nami ndiye niliyesema. Nikasema kanisa lina utaratibu, na tukimzika huyu kwa heshima zote, wale wanaojitahidi watasema nini? Utaratibu wa kanisa una sababu zake na siupuuzi. Lakini kosa langu halikuwa katika utaratibu. Nyumba ya msiba ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwangu, na sikwenda. Nilimtuma mwinjilisti apeleke jibu. Sikutaka kuuona uso wa yule mama nikimwambia hapana.

Wiki mbili baadaye nilikwenda karakana kuagiza mabenchi ya watoto wa Shule ya Jumapili. Mzee alinikaribisha, lakini alikuwa kimya kuliko kawaida. Akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu lililochakaa pembeni. Lilikuwa daftari la madeni, la tatu tangu enzi za baba yake. Kanuni ya baba yao ilikuwa kwamba jeneza halizuiliwi kwa sababu ya fedha. Asiye nazo huandikwa, na hakuna anayefuatwa nyumbani kudaiwa kabla arobaini haijapita. Wengi hulipa kidogo kidogo. Wengine hawalipi. Mjukuu, ambaye sasa ndiye anayesimamia hesabu, humlalamikia babu yake kila mwezi kuhusu daftari hilo, naye si mkorofi, kwa maana bei ya mbao inapanda na vijana wa kazi wanataka mishahara yao. Wamegombana juu yake mbele yangu zaidi ya mara moja.

Mzee alilifungua ukurasa wa mwisho akanigeuzia. Nikasoma jina la yule msukuma toroli. Mbele yake kiasi cha deni, na upande wa malipo nafasi tupu.

Sikuhitaji kuelezwa. Jina lilikuwa lile lile, na nafasi tupu ilikuwa ile ile niliyoiona katika daftari langu. Tulikuwa tumeisoma wote wawili, kila mtu katika daftari lake.

"Alikuja yule mama na uzi," mzee alisema. "Saa nne usiku. Hakuuliza bei. Aliuliza kama ninaweza. Nikamwambia ninaweza. Kaburi walichimba vijana wa msikitini pamoja na wasukuma toroli wenzake. Mchungaji hakuwepo, basi wakasema mimi ni mzee, nisalishe. Sijui kusalisha. Nikaanza Sala ya Bwana."

Akanyamaza kidogo, akaendelea.

"Nilipofika pale kwenye riziki, nilimtazama yule mama. Nikawaza: huyu usiku ule aliomba nini kwa Mungu? Hakuomba ugali. Aliomba mbao sita na mtu wa kuzipigilia. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake ya siku hiyo, na Mungu alimpa kupitia mkono wangu. Basi nikalitamka. Sikunyamaza, Mchungaji. Mara ya kwanza tangu kaka afe."

Nilirudi nyumbani bila kuagiza mabenchi. Usiku ule nilifungua Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho Luther alikitoa mwaka 1529 na ambacho nimewafundisha vijana wa kipaimara mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anapoeleza ombi la nne, Luther haishii kwenye chakula. Anataja mavazi, nyumba, shamba, amani, afya, na karibu na mwisho wa orodha anataja marafiki wema na majirani waaminifu. Nilikuwa nimewakaririsha watoto orodha hiyo miaka yote, na sikuwahi kusimama kwenye neno majirani. Jirani ni riziki. Mungu anapomjibu mtu ombi hilo, mara nyingi humpelekea mtu mwingine.

Mzee wangu alikuwa amelisikia ombi lile upande mmoja tu, kama mtu anayepokea, na ndiyo maana lilimtisha. Kwenye kaburi la msukuma toroli alijiona upande wa pili, kama mtu anayetolewa. Alikuwa mkate wa mtu mwingine siku hiyo. Alivyokuwa pia baba yake, siku alipokata mbao za mlango. Alivyokuwa yeye mwenyewe hata katika miaka ile ya 1990, kila alipogongewa usiku akaamka, ingawa hofu na maneno ya watu vilimzuia asilione. Kuhusu furaha yake juu ya zile fedha, tulizungumza na kuomba pamoja. Aliungama, nikamtangazia msamaha, kama ninavyomtangazia kila mtu. Lakini hilo la riziki sikumfundisha mimi. Alifundishwa na Mungu kaburini, mahali ambapo mchungaji wake hakwenda.

Na mimi? Yule mama aliomba riziki usiku ule, na Mungu alikuwa na watu wawili Keko wa kumpelekea. Mmoja alikuwa na mbao, mwingine alikuwa na Neno. Wa mbao alifungua mlango. Injili ya Luka sura ya 7 inasimulia Yesu alipokutana na msafara wa mazishi kwenye lango la Naini. Hakumuuliza mjane lolote kuhusu kijana wake, kama alikuwa mwema au mwovu, kama alikwenda sinagogi au hakwenda. Alimwona mama, akamhurumia, akasogea, akaligusa jeneza. Ninavaa kola ya Bwana huyo, na kwa ajili ya mstari mmoja wa daftari sikuligusa.

Niliwaambia wazee wa kanisa kwamba nilikosea, kisha nikaenda kwa yule mama. Nilimwomba radhi, na hakunijibu neno. Alinipa kiti, akaendelea kupepeta mchele, nami nikakaa. Baada ya muda mrefu akasema binti yake ana mtihani wa darasa la saba, nimwombee. Nikamwombea. Sidai kwamba amenisamehe, lakini huwa napita kumsalimia, na kiti hunipa.

Katika usharika wetu tumekubaliana jambo moja dogo. Habari ya msiba ikifika, mchungaji au mzee wa kanisa huenda kwanza nyumbani kwa wafiwa, huketi nao, huomba nao. Daftari hufunguliwa baadaye. Utaratibu wa kanisa upo pale pale, na bado yapo maamuzi magumu. Lakini ni vigumu kumwamulia mtu vibaya ukiwa umeketi kwenye mkeka wake.

Wapendwa, ombi la riziki ni fupi, nasi hulipita haraka tukienda kwenye maombi mengine. Nawasihi mlisimamie kidogo. Unapoomba upewe, mwulize Mungu pia ni nani leo anaomba na wewe ndiwe jibu lake. Huenda ni mfiwa asiye na nauli ya kusafirisha mwili. Huenda ni mtu wa mtaani kwako ambaye jina lake katika daftari la kanisa lina nafasi tupu mbele yake.

Mabenchi ya Shule ya Jumapili niliyaagiza mwezi uliofuata. Aliyatengeneza mjukuu kwa mbao za paina, zile zile wanazotengenezea majeneza, na watoto wetu wanayakalia kila Jumapili. Mzee hukaa nyuma yao upande wa kushoto. Tukifika kwenye ombi la riziki huwa nasikiliza sauti yake, na kila Jumapili ninaisikia.